Mshipi na Mshipa

Mvuvi wa mshipi hamwoni samaki. Kidole cha shahada ndicho kinachomwambia kama huko chini changu amegusa chambo, au ni mwamba tu. Daktari anayepitisha katheta hadi kwenye moyo naye hana zaidi ya hapo. Mrija wa milimita 2 hivi umeingilia kwenye ateri ya kifundo cha mkono au ya kinena. Ncha yake iko karibu mita nzima kutoka vidoleni, na anachokiona ni kivuli kwenye skrini ya eksirei. Akizungusha huku nje, kule ndani ncha huchelewa. Msokoto hujikusanya njiani, halafu ncha hugeuka kwa mpigo mmoja.

Zamani ustadi huo wa mkono ulifundishwa juu ya mgonjwa. Daktari Werner Forssmann angalau alianza na mwili wake: mwaka 1929, Eberswalde, Ujerumani, alijipitishia mrija wa sentimita 65 kwenye mshipa wa mkono, akaenda kwa miguu yake hadi chumba cha eksirei. Leo mwanafunzi huweza kuanzia kwenye mwanasesere wa plastiki, ambaye mota zake za ndani humrudishia mwanafunzi ukinzani vidoleni huku kompyuta ikichora moyo unaodunda.

Na mashine hiyo inahesabu: dakika za mionzi, mililita za dawa ya rangi, mara ngapi ncha imekwaruza ukuta wa mshipa, mara ngapi katheta imesukumwa bila waya kuitangulia. Dakika ni rahisi kuhesabu, lakini kwangu ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote. Mzembe naye huwahi kumaliza. Ninachokipenda ni kipimo cha mwendo wenyewe, pale vihisio vinapoifuata katheta na kuichora safari yake. Mchoro wa mwanagenzi una meno kama msumeno: mbele, nyuma, kazidisha, karudisha. Wa fundi ni mfupi, laini, wenye vituo.

Mtazame huyo fundi akitafuta ateri ya kulia ya moyo. Gumba na shahada vinasokota katheta taratibu, kama msusi wa mkeka anavyounyoosha ukindu. Mkono wa pili umetulia pale ngozi ilipotobolewa. Anavuta kidogo, anazungusha kidogo, anaacha. Hasukumi. Mapigo mawili ya moyo yanapita, kisha ncha inajigeuza na kuingia mlangoni.

Kwenye mchoro, kungoja kule kumeandikwa kama mstari mnyoofu usio na kitu.