Chambo cha Januari: ushauri wa kuvua besi kwenye baridi tumeuweka kwenye mizani

Desemba ikikaribia, majarida na video za uvuvi za Marekani hujaa mada moja: utumie chambo gani kumvua besi maji yakiwa baridi? Orodha huwa ni ile ile. Vuta polepole. Tumia chambo kidogo. Nenda kwenye kina kirefu, maana huko ndiko kwenye joto. Weka rangi nyekundu. Halafu, kwa bahati ya ajabu, orodha inaishia kwenye kitu cha kununua.

Nimesoma na kutazama ushauri huu mwingi kuliko ninavyopenda kukiri. Leo nataka tuupime kama tunavyopima dai lolote hapa: nini kinasimama, nini kinaanguka, na nini hakisemwi kabisa. Hicho cha tatu ndicho kilichonifanya niandike.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Besi tunayemzungumzia, aliyejulikana kwa muda mrefu kama Micropterus salmoides, ni samaki wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini, mwenye mdomo mpana ambao pembe yake hupita nyuma ya jicho. Watu wa Naivasha wanamfahamu, kwa sababu aliletwa huko mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Ila Naivasha haina majira ya barafu, kwa hiyo mjadala huu si wake. Twende Missouri, Tennessee na Ontario, ambako Januari ina meno.

Kinachosimama: mwendo wa polepole

Hapa nawapa haki yao. "Vuta polepole" ni ushauri mzuri, na sababu yake ni kemia tu. Besi hana tanuri mwilini kama sisi. Joto la mwili wake ni joto la maji aliyomo. Kadirio linalotumika sana katika fiziolojia ni kwamba kila maji yakipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya umetaboli hushuka hadi nusu hivi. Piga hesabu: kutoka nyuzi 25 za kiangazi hadi nyuzi 5 za Januari, nusu ya nusu ni robo. Chakula alichomeza kinasagika polepole sana, kwa hiyo hana haraka ya kula tena. Misuli nayo hujikunja taratibu, kwa hiyo kukimbiza windo kunamgharimu. Chambo kikipita mbio mbele yake, hesabu ya faida na hasara inamwambia akiache.

Tatizo ni maelezo wanayoyaambatanisha. Eti besi "amelala" wakati wa baridi na kazi ya mvuvi ni kumwamsha. Hapana. Katika Warner Lake, ziwa dogo la utafiti huko Ontario, Kanada, wanasayansi waliwapandikiza besi vifaa vidogo vinavyotoa mawimbi ya sauti, kisha wakawafuatilia hadi chini ya barafu. Mwendo ulipungua, ndiyo, lakini haukukoma. Kumbe samaki yuko macho, ila amekuwa bahili. Tofauti hii ina maana kwenye mshipi wako: aliyelala ungemwamsha kwa kelele, lakini bahili unamletea mlo rahisi karibu na mdomo na unamwachia muda wa kuufikiria.

Ndiyo maana chambo kimoja kimepata sifa kubwa kwenye mabwawa ya Missouri na Arkansas, na kwa maoni yangu sifa hiyo ni ya haki. Ni kile kirefu cha plastiki chenye umbo la samaki mdogo: unakivuta kwa mishtuko miwili mitatu, kisha unakiacha kisimame palepale majini, hakizami wala hakielei, sekunde 10 au hata zaidi. Kwa nini kinafanya kazi? Mabwawa hayo mengi yana samaki wadogo aina ya shadi, jamaa ya dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika. Aina moja yao ni dhaifu kwa baridi kuliko besi: maji yakikaribia nyuzi 5 huishiwa nguvu na kuanza kufa. Shadi anayekata roho hushtuka, hutulia, hushtuka tena. Chambo kinaiga mlo ambao besi anauona kwa macho yake wiki hiyo hiyo.

Lakini ona mwandishi wa ushauri anavyosahau kusema hilo. Anakwambia "baridi ikifika, tumia hiki", bila kuuliza kama ziwa lako lina shadi. Kama halina, umechukua dawa ya mgonjwa mwingine.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wavuvi wazoefu wamelishika vizuri kuliko waandishi wao. Maji baridi ni mazito zaidi. Kati ya nyuzi 25 na nyuzi 5, densiti ya maji huongezeka kwa takriban asilimia 0.3. Kwa chambo chenye ujazo wa sentimita 14 za ujazo, hiyo ni kama gramu 0.04 za kusukumwa juu. Inaonekana si kitu, lakini kwa chambo kilichotengenezwa kisimame bila kuzama wala kuelea, inatosha kukifanya kipande polepole. Hivyo chambo ulichokijaribu kwenye beseni la nyumbani kikasimama vizuri, ziwani kitakusaliti. Wazoefu hubandika kipande kidogo cha risasi tumboni mwa chambo au hubadilisha ndoana kwa nzito kidogo, kisha hukijaribu kwenye maji yale yale watakayovulia. Hiyo ni sayansi safi, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Kinachoanguka: "joto liko chini"

Dai hili ni la kweli nusu, na nusu ya kweli ndiyo inayopoteza watu. Maji yana tabia isiyo ya kawaida: huwa mazito zaidi yakiwa karibu na nyuzi 4. Yakipoa kupita hapo, huanza kuwa mepesi tena. Kwa hiyo kwenye ziwa lenye barafu, juu kuna nyuzi sifuri, na chini kabisa kuna nyuzi 4 hivi. Hapo, ndiyo, joto liko chini.

Sasa chukua Table Rock Lake ya Missouri, bwawa ambalo kwa kawaida haligandi lote. Maji yake hayafiki kwenye ule mpinduko wa nyuzi 4. Upepo wa baridi huyachanganya hadi chini, na Januari unaweza kukuta halijoto karibu moja kutoka juu hadi mita nyingi kwenda chini. Hakuna blanketi la joto huko. Zaidi ya hayo, alasiri yenye jua, mwamba ulio kwenye maji mafupi upande unaotazama kusini unaweza kuwa na joto kuliko kina chote. Kama besi yuko chini, basi yuko huko kwa sababu nyingine: chakula kimeshuka, au maji ya huko yametulia na hayamchoshi. Mvuvi aliyeambiwa "fuata joto chini" ataupita mwamba ule na mashua yake asijue.

Yaani ushauri wa ziwa la barafu umehamishiwa kwenye bwawa lisilo na barafu, na hakuna aliyeuliza kwa sababu vyote viwili vinaitwa "majira ya baridi".

Rangi nyekundu

Hoja yao: kamba wa maziwani wana wekundu, besi anawala, basi weka nyekundu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha jaribio zuri juu ya macho ya besi. Waliwafundisha samaki kuchagua rangi fulani ili wapate chakula, kisha wakaangalia wanakosea wapi. Nyekundu na kijani waliziona vizuri. Walichanganya njano kali na nyeupe, na bluu na nyeusi. Kwa hiyo anayesema besi anaiona nyekundu hajakosea.

Ila jaribio lilifanyika ndani ya maji machache yenye mwanga. Ziwani, maji maangavu humeza mwanga mwekundu kwanza kabisa. Mita chache tu na nyekundu imefifia. Kwenye kina cha mita 12 ni kivuli cheusi tu. Maji yenye rangi ya chai, yaliyojaa mabaki ya majani, yana mpangilio mwingine, kwa sababu humeza bluu zaidi. Sasa, ushauri ule ule unaokwambia nenda chini mita 12 ndio unaokwambia ununue nyekundu. Na kama besi huchanganya njano kali na nyeupe, zile rangi tano zenye majina matamu dukani huenda kwake ni mbili.

Nani aliwahesabu waliokosa?

Hili ndilo kosa kubwa la aina hii ya maandishi. Ushahidi wake ni picha: mtu, koti zito, samaki mkubwa, chambo mdomoni. Tuseme, kwa mfano tu, siku moja wavuvi 90 wanatumia chambo A na 10 wanatumia B. Wa A wanapata samaki 18, wa B wanapata 3. Gazeti litaandika kwamba A kimepata mara sita zaidi. Lakini A ni samaki 1 kwa kila wavuvi 5, na B ni karibu 1 kwa kila 3. Kila mtu akitupa chambo kimoja kwa sababu ameambiwa ni cha Januari, samaki wa Januari watavuliwa kwa hicho, na mwaka ujao ataambiwa tena. Hapo ushauri unajithibitisha wenyewe.

Tazama mbinu ya boya na manyoya kwenye mabwawa ya milima ya Tennessee: jigi ndogo ya manyoya inaning'inia mita 3 au zaidi chini ya boya, ikitikiswa na mawimbi tu. Ilizaliwa kwa wavuvi wa eneo hilo waliokuwa wanajaribu. Hungeipata kwa kuhesabu picha za samaki walionaswa kwa vyambo vingine.

Kisichosemwa

Sasa lile lililonikera. Nusu ya ushauri huu unakwambia uvue kwenye kina: angusha bamba la chuma au jigi mita 10, mita 15. Mwisho wa video samaki anabusiwa na kurudishwa majini, tabasamu, kwaheri.

Jamani, besi ana kibofu cha hewa kilichofungwa. Hawezi kupumua hewa ile itoke kwa mdomo. Kwenye kina cha mita 10 anabanwa na shinikizo mara mbili ya lile la juu. Ukimvuta haraka, gesi ile inataka kuwa mara mbili. Kutoka mita 15, mara mbili na nusu. Macho yanatoka, tumbo linasukumwa kuelekea mdomoni, na ukimwachia anabaki akielea ubavu, hawezi kuzama. Na kama hewa iko chini ya sifuri wakati unapiga picha, unyevu kwenye matamvua yake unaanza kuganda.

Kwa hiyo swali la chambo gani linatangulia swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: je, unakusudia kumla au kumrudisha? Kama ni kumla na sheria ya mahali inaruhusu, vua chini upendavyo. Kama ni kumrudisha, chagua mbinu ya maji mafupi, yaani chambo kinachosimama au boya na manyoya, au uwe na uzito wenye kishikizo wa kumrudisha hadi kina alichotoka, na mwache majini wakati wa picha.

Ukiniuliza, ushauri wa Januari unabaki na mistari minne: punguza mwendo, jua samaki wa ziwa lako anakula nini, pima halijoto ya maji badala ya kuikisia, na amua hatima ya samaki kabla ya kufunga ndoana. Rangi chukua iliyopo kwenye sanduku.