Vidole gumba dhidi ya utando wa kigimbi

Ukipita buchani utauona ule utando mweupe ulionata juu ya nyama. Hiyo ndiyo fashia, na hata vigimbi vyako vimefungwa nayo. Wanaotibu kwa mikono wanasema ikikaza inaleta maumivu na kuzuia kifundo cha mguu kukunjika, hivyo wanaikandamiza polepole hadi, eti, "iachie". Maelezo yanaingia akilini. Shida iko kwenye hesabu.

Mwaka 2008 Chaudhry na wenzake, akiwemo Robert Schleip ambaye ni mtu wa fashia hasa, walikokotoa nguvu ya kuibadili umbo. Kwa fashia ya wayo, kuibana na kuisogeza kwa asilimia 1 tu kulihitaji mgandamizo sawa na uzito wa zaidi ya kilo 800. Hakuna kidole gumba cha hivyo! Fashia laini ya pua ilikubali, lakini wewe hukupeleka pua. Ya kigimbi haikuwemo kwenye hesabu hiyo, ila nayo ni ya aina hiyohiyo ngumu.

Sasa mbona ukishuka kitandani goti linasogea mbele zaidi kuliko mwanzo? Jibu linaloelekea zaidi ni kwamba mwili umekubali kuvutwa zaidi kabla ya kulalamika. Konrad na Tilp (2014) waliwanyoosha watu vigimbi kwa wiki 6: kifundo kikakunjika zaidi, lakini msuli na kano vikabaki vilevile. Halafu kurudia kipimo chenyewe nako kunalainisha mguu, kwa hiyo zile picha za "kabla na baada" peke yake hazithibitishi kitu.

Sidharau mikono. Nafuu ya saa moja ni nafuu, hasa ukiitumia kufanya zoezi la kupandisha visigino. Kinachonikera ni kuuziwa vikao 10 vya kuyeyusha kisichoyeyuka.

Na kuna kigimbi kisichotakiwa kukandwa kabisa: kimevimba mguu mmoja, kina joto, kinauma, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu ya basi. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likichomoka likafika kwenye mapafu linaweza kuua. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo. Na mtu anayefungua chupa ya mafuta kabla hajakuuliza hayo, vaa viatu vyako uondoke.