Sarahani Yuko Wapi? Vichupo, Slaidi na Mashairi ya Pemba

Utangulizi

Makala haya yanahakiki kazi ambayo mimi mwenyewe nilishiriki kuitengeneza. Najua wako watakaosema kwamba mchezaji hawezi kuwa mwamuzi. Hata hivyo, kosa lililomo ndani ya kazi hii ni letu sisi wanafunzi wa fasihi, wala si la mafundi wa kompyuta, kwa hiyo ni haki lijadiliwe humu.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulikuwa wanafunzi wanne, tukaamua kutengeneza ukurasa wa wavuti wa kujisomea mashairi ya malenga wawili wa Pemba, Kamange na Sarahani. Mashairi yao yamo katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2011. Katika ukurasa wetu tuliweka vichupo viwili, yaani vile vibao vidogo vya juu ambavyo ukibonyeza kimoja, sehemu yake hufunguka na nyengine hufichika. Kichupo cha kwanza kilikuwa cha Kamange, cha pili cha Sarahani. Chini yake tukaweka slaidi: picha za daftari la zamani la tenzi, lililoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikijibadilisha zenyewe kila baada ya sekunde nne. Tulijiona tumefika!

Wakati wa likizo nikaenda nyumbani Wete, nikamwonesha ami yangu kwenye simu. Akavaa miwani, akasoma shairi la Kamange taratibu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa Sarahani yuko wapi?"

Nikamwambia, "Ami, bonyeza hapa juu."

Akabonyeza. Sarahani akaja, Kamange akatoweka. Ami akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Mwisho akanirejeshea simu yangu, akasema, "Mwanangu, watu wawili wanazungumza, nyinyi mmewatia kila mmoja chumba chake na mlango mmeufunga."

Vichupo na mashairi ya kujibizana

Sote tunaukumbuka ule ubishi wa madarasani: je, fani na maudhui ni kama kikombe na chai, au ni kama sura mbili za sarafu moja? Wengi wetu tumeshachagua sarafu. Lakini tulipokaa mbele ya kompyuta tulifanya mambo ya kikombe na chai. Tulidhani shairi ni maneno yake tu, na kwamba maneno hayo yanaweza kumiminwa katika chombo chochote yakabaki yale yale.

Shairi la kujibizana halikubali hivyo. Anayejibu hufuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi hata vina vyake. Hulikamata neno la mwenzake akaligeuza, au hukipokea kibwagizo akakipindua. Utamu wake umo katika kulinganisha, na kulinganisha kunataka jicho lione huku na kule kwa wakati mmoja. Mashairi kadhaa ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikuwa ya kujibizana na watu wa Lamu. Msomaji asiyelipata neno la upande wa pili husikia mtu mmoja akigomba peke yake, asijue anagomba na nani. Sisi tulikuwa na pande zote mbili mkononi, na kwa kichupo tukaufanya upande mmoja uwe haupo.

Jengine ni la cheo. Kichupo cha kwanza ndicho kilicho wazi ukurasa unapofunguka. Cha pili kimo nyuma ya pazia mpaka mtu abonyeze. Tulimweka Kamange mbele kwa sababu K hutangulia S, basi. Hatukuwa na sababu ya kihakiki hata moja. Lakini msomaji mgeni atajuaje? Ataona mmoja ndiye mwenye nyumba na mwengine ni mgeni wa barazani.

Aidha, kuna mambo ya kiufundi ambayo mhakiki hawezi kuyapuuza. Sehemu iliyofichwa kwa namna ya kawaida, kivinjari hakiioni pale msomaji anapotafuta neno ndani ya ukurasa. Mwanafunzi akitafuta neno lililomo kwa Sarahani huku kichupo cha Kamange ndicho kilichofunguliwa, ataambiwa halipo. Vivyo hivyo katika kuchapa: mwalimu akiutoa ukurasa kwenye karatasi awagawie wanafunzi, kwa kawaida hutoka ile sehemu iliyo wazi tu. Darasa zima litasoma nusu ya mjadala na kudhani ndio mjadala wote.

Mwenzangu mmoja alipinga hoja hii. Alisema kioo cha simu ni chembamba. Mashairi mawili yenye mishororo ya mizani 16 hayawezi kukaa ubavu kwa ubavu. Anasema kweli. Tena simu huukata mshororo popote inapoishiwa nafasi, pengine kwenye mizani ya 11, kina cha kati kikapotea katikati ya maneno. Lakini dawa yake si kuficha. Dawa ni kuukata mshororo sisi wenyewe pale ulipo na pumzi: ukwapi wenye mizani 8 juu, utao wenye mizani 8 chini yake, umesogezwa ndani kidogo. Kisha ubeti wa mmoja ufuatwe na ubeti wa mwenzake, msomaji ateremke nao. Kwa njia hiyo vina vya kati vinaonekana, na jawabu iko chini ya swali lake.

Sisemi vichupo vitupwe. Wasifu wa mtunzi, sherehe ya maneno magumu na historia ya muswada vinaweza kukaa humo bila kudhuru, maana msomaji huvifuata kimoja kimoja anapovihitaji. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: vinavyolinganishwa visitenganishwe.

Slaidi na muswada

Slaidi zetu zilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni mwendo. Kusoma hati za Kiarabu zilizoandikwa kwa mkono si mchezo. Katika miswada mingi ya tenzi, vipande vinne vya ubeti huwekwa kwenye mstari mmoja au miwili, na msomaji huenda polepole akitafuta kina. Sekunde nne hazitoshi hata kwa ubeti mmoja. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za wavuti iliyotolewa mwaka 2008 inasema kwamba kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde tano, sambamba na maandishi mengine, kiwe na njia ya kukisimamisha. Picha zetu hazikuwa na njia hiyo. Tuliugeuza muswada ukawa pambo la kupita, kama kwamba haukuandikwa usomwe.

La pili ni upande. Hati hizi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na daftari lake hufunguliwa hivyo hivyo. Lakini mshale wetu wa "endelea" ulielekea kulia, na kurasa zikaingia kwa mwendo wa kitabu cha Kizungu. Aliyesoma chuoni akiwa mtoto, kama ami, aliona daftari linaendeshwa kinyumenyume. Sisi tulioandika insha ndefu juu ya urithi wa hati za Kiarabu katika Kiswahili hatukuliona.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba kupanga ukurasa ni kazi ya uhariri, na uhariri ni uhakiki. William Hichens alipotoa *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940 kwa hati za Kirumi, ilimbidi aamue beti zikae vipi, na sisi tumesoma alivyoamua. Tunaoandika kurasa za wavuti tunaamua vivyo hivyo, ila tunajidanganya kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua.

Ukurasa wetu tumeshaubomoa. Malenga sasa wanafuatana ubeti kwa ubeti, slaidi zimesimama mpaka msomaji azigeuze mwenyewe, na mshale umeelekea kushoto. Limebaki swali ambalo hatujalimaliza: nani aanze pale tusipojua nani alimchokoza mwenzake? Mwenye jawabu na aandike. Nawaomba wahariri waichape ubavuni mwa makala haya, wasiifiche nyuma yake.