Wimbo na Jina: Juu ya Wazimu wa Washabiki

Mwanamuziki hodari kuwatia watu wazimu si jambo la leo. Kule Ulaya, Franz Liszt alipopiga piano, wanawake waligombania glavu na leso zake, mpaka mwaka 1844 mshairi Heine akaupa ugonjwa ule jina: Lisztomania. Jina lile halikufa. Mwaka 2009 Phoenix, kikundi cha Ufaransa, walilifanya wimbo wa kuchezwa na vijana.

Lakini tusiseme ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 1948, pale Léopoldville, Wendo Kolosoy aliimba Marie-Louise, Henri Bowane akishika gitaa. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, basi. Kumbe watu wakaanza kusema eti sahani ile ikipigwa saa sita ya usiku, wafu wanaamka! Mapadri wakakasirika, na Wendo akaona taabu.

Mwaka ule ule serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami, chama cha wazee wetu Warega. Ndani ya Bwami pia watu waliimba na kucheza, lakini wimbo ulibeba methali, na methali ilimfundisha mtu namna ya kuishi. Nayaweka haya mawili pamoja kwa sababu moja: pande zote mbili watu walishika wimbo. Hata ule uvumi wa wafu ulisifu nguvu ya wimbo, haukusifu mali ya mwimbaji.

Leo je? Gitaa ya Bowane ilifungua njia ya sebene, na sebene sasa imekuwa soko la mabanga. Mwenye feza analipa, jina lake linatupwa katikati ya magitaa, na sisi tunamshangilia mtu tusiyemjua. Wenge Musica ilipopasuka mwaka 1997, washabiki waligawanyika, hawa kwa JB Mpiana, wale kwa Werrason. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mkubwa. Nani ametunga vizuri zaidi, wachache waliuliza.

Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba yetu katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Tukafurahi. Miezi kumi baadaye, tarehe 29 Oktoba 2022, Fally Ipupa aliimba katika Stade des Martyrs, Kinshasa. Watu walijaa kupita kiasi, wakasongamana, na 11 wakafa, wawili kati yao polisi. Simlaumu mwimbaji kwa kupendwa. Nasema tu kwamba hakuna jina linalostahili bei hiyo, na mwenye kuuza tiketi ahesabu watu kabla ya kuhesabu feza.

Hatukatai vijana wa Kalima wacheze. Sebene ni tamu, hata wazee wanasimama! Lakini kijana anayejua mabanga yote kwa moyo, tumuulize: wimbo wenyewe unasema nini? Akishindwa kujibu, hajapokea urithi. Amepokea kelele yake tu.