Dante, Mwinyi Fuad na Sisi wa Muscat

Wataliani wana ada moja ambayo mimi naihusudu. Tangu mwaka 2001, kila mwezi wa Oktoba, balozi zao na vituo vyao vya utamaduni katika nchi mbali mbali huitengea lugha yao wiki nzima. Wizara yao ya Mambo ya Nje hushirikiana na Accademia della Crusca, ile jumuiya kongwe ya wanalugha wa Firenze, na kila mwaka huchaguliwa mada moja. Mwaka 2021, ilipotimia miaka 700 tangu kufa kwake Dante Alighieri, mada ilikuwa Dante mwenyewe.

Nasi mwaka huo huo tulipata yetu. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Alhamdulillahi. Lakini tazama jinsi sisi Waswahili wa Muscat tunavyokifurahia Kiswahili chetu, siku hiyo na siku nyengine: taarab, kanga, sambusa na mandazi, halafu hotuba. Sina ugomvi na sambusa. Ninachouliza ni kimoja tu: kitabu kiko wapi?

Kwenye hotuba hizo hakikosi kusikika kile kibwagizo chetu, kwamba Kiswahili safi ni hiki chetu cha Unguja mjini, na wengine wote wanababaisha tu. Majigambo haya si mapya duniani. Dante aliandika kwa Kilatini kitabu kizima kuhusu lugha za watu wa kawaida, akazipitia lahaja za Italia moja moja akizitia ila. Alipofika kwa watu wa Toscana, yaani watu wa kwao mwenyewe, akawacheka kuliko wengi, kwa kudai kwao kwamba lugha tukufu ni yao. Kilichokuja kuipa heshima lugha ya Firenze ni vitabu: cha kwake yeye, kisha vya Petrarca na Boccaccio. Kiunguja chetu kilifanywa lugha sanifu kwa uamuzi wa wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1920, kabla ya riwaya zetu kubwa. Sasa riwaya tunazo, wala hatuzifungui.

Kuna jambo jengine la Dante linalotugusa zaidi. Huyu alikuwa mkimbizi. Mwaka 1302 mji wake ulimhukumu, hakurudi tena, akafia Ravenna mwaka 1321. Utenzi wake mkuu aliutunga ugenini, na humo Jehanamu imejaa watu wa Firenze kwa majina yao, maadui na marafiki, hata Brunetto Latini aliyemheshimu kama mwalimu wake. Wajukuu wa watu hao walikisoma, wakakifundisha skuli, na mwaka 2008 baraza la mji wa Firenze likapiga kura kuifuta ile hukumu. Mji umefanya fakhari yake kitabu kilichoutukana.

Hapo ndipo penye shida yetu. Watu husema hatusomi kwa sababu vitabu vya Kiswahili havipatikani Muscat. Kweli, ni taabu kuvipata. Lakini mbona karafuu, achari na kanga hazishindwi kufika? Mimi naona sababu ni nyengine: vitabu vyenyewe vinatuuma.

Chukua Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978 na baadaye ikafasiriwa kwa Kifaransa. Fuad ni bwana wa mashamba ya mikarafuu, mkali, asiye na haya, na Kijakazi ni mtumishi wake anayempenda na kumtii hata anapodhalilishwa. Kisha yanakuja mapinduzi. Ukiwa babu yako alikuwa na shamba, na mwaka 1964 ukoo wenu ukatawanyika, hiki si kitabu cha kusoma kwa raha. Na kwa haki, kina kasoro. Fuad amepakwa rangi moja tu. Hatumuoni hata mara moja akiwa na khofu ya binaadamu. Ni kitabu cha mshindi. Lakini Kijakazi ameandikwa vizuri mno, na yule mtu tunamjua. Nyumba ngapi za wazee wetu hazikuwa na Kijakazi wake?

Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, naiweka juu zaidi. Rehema ni binti wa tajiri wa mashamba, anateswa na mama wa kambo, anakimbia, na mwishowe anapata utulivu kwa Sulubu, mkulima maskini. Ugomvi wa ardhi unawafuata mpaka huko. Mwandishi hapigi kelele za siasa. Anaonyesha tu jinsi damu moja inavyoweza kugawiwa haki mbali mbali, na msomaji akatazama chini.

Wala Omani haishindwi kuyabeba mambo haya. Jokha Alharthi, kwa Kiarabu, amemuandika Zarifa, mtumwa aliyemlea mtoto wa bwana wake katika kijiji cha hapa hapa, na riwaya hiyo, Sayyidat al-Qamar, ilipofasiriwa kwa Kiingereza ilipata tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019. Tuliisifu sana. Basi Zarifa tumpigie makofi, Kijakazi tumfungie mlango?

Ajabu ni kwamba Wataliani wamewasoma waandishi wetu kabla yetu. Elena Bertoncini Zúbková, aliyefundisha Kiswahili Napoli miaka mingi, alitoa mwaka 1989 kitabu kizima juu ya riwaya na tamthilia za Kiswahili. Toleo la pili la mwaka 2009 aliliandika pamoja na wengine, mmoja wao Said Ahmed Mohamed Khamis, mtunzi wa Asali Chungu na Utengano. Wanafunzi wasio na jamaa hata mmoja Unguja walikaa wakizichambua khabari za mitaa waliyozaliwa mama zetu.

Najua jibu la wengi: hizo ni hadithi za upande mmoja, wa kwetu ameandika nani? Suali zuri. Ali Muhsin Barwani aliandika kumbukumbu zake, kwa Kiingereza. Harith Ghassany alitoa historia yake kwa Kiswahili mwaka 2010. Riwaya ya Kiswahili ya waliopanda meli, wakafika huku miaka ya 1970 wakianza kujifunza Kiarabu cha kujibia dukani, hiyo mimi bado naingoja. Haitaandikwa na mtu asiyemsoma Adam Shafi, maana ndiye wa kujibiwa.

Tarehe 7 Julai ijayo basi, kabla ya udi na taarab, isomwe sura moja ya Nyota ya Rehema kwa sauti, wazee wakiwepo. Atakayenuna anune. Chai itakuwepo.