Karo ya Mama Wekesa na sarufi ya ndoa kanisani

Majuzi nilialikwa katika Jumapili ya familia kwenye kanisa moja karibu na soko la Misikhu, kando ya barabara ya Webuye kuelekea Kitale. Baada ya mahubiri, vijana na akina mama waliigiza mchezo mfupi kuhusu ndoa ya Kikristo. Haukuzidi dakika kumi na tano.

Baba Wekesa amelipwa pesa za miwa. Anarudi usiku akipepesuka, mfuko mtupu. Mkewe anamngoja mlangoni.

"Baba Wekesa, si ni leo ulilipwa? Karo ya mtoto iko wapi?"

"Wewe mwanamke, hapa nani alioa mwingine?"

"Sawa, ulinioa. Na hiyo karo nayo itaolewa na nani?"

Kanisa zima liliangua kicheko. Mume akainua mkono ampige. Watoto waliokaa mbele wakazidi kucheka. Ghafla mchungaji wa igizo akaingia, Biblia kwapani, akasoma Waefeso 5, kuanzia aya ya 22 hadi ya 24. Mama Wekesa akapiga magoti na kuomba msamaha kwa sababu ya mdomo wake. Baba Wekesa akatupa chupa. Kwaya ikaimba, tukapiga makofi.

Nusu ya kwanza ya igizo hili ni kazi nzuri. Mchezo mfupi hauna nafasi ya migogoro mitatu. Unahitaji mmoja, na karo inatosha. Lugha yake ni Kiswahili cha nyumbani kwetu Bungoma, si cha vitabuni, kwa hiyo kila aliyeketi pale alisikia jirani yake akisemwa, au yeye mwenyewe.

Tatizo linaanza mchungaji anapoingia. Tuliulizwa kuhusu karo na pombe, tukajibiwa kuhusu mdomo wa mke. Katika uhakiki, huo si utatuzi wa mgogoro. Ni kubadilisha swali. Aliyekuwa na maneno makali na ya kuchekesha kuliko wote anabaki na neno moja tu: nisamehe.

Tazama pia sarufi. Kwa Kiswahili, mwanamume huoa na mwanamke huolewa: mmoja yuko katika kauli ya kutenda, mwingine katika kauli ya kutendwa. Baba Wekesa amejificha nyuma ya sarufi hiyo. Lakini lugha yetu ina kauli ya kutendana pia: watu huoana, hupendana, husikizana. Mama Wekesa aliichezea sarufi ya mumewe kwa mzaha. Mchungaji angeweza kuijibu kwa dhati, na jibu alikuwa nalo mkononi.

Angeanza aya moja tu nyuma. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo makanisa mengi bado huisoma, aya ya 21 inawataka waumini wote kunyenyekeana. Aya ya 22 inapowageukia wake, kitenzi kinakuwa kutii. Msomaji wa Kiswahili huona amri mbili tofauti. Ila katika baadhi ya nakala kongwe kabisa za Kigiriki, aya ya 22 haina kitenzi chake. Inaazima kile cha aya ya 21. Yaani huko kutii kumezaliwa na kunyenyekeana. Na angesonga mbele hadi aya ya 25, angemkuta mume akidaiwa upendo wa kujitoa kabisa. Igizo lilikata sura hiyo pande zote mbili, mume akaponea katikati.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mafundisho, si fasihi, tusilete ukali wa darasani kanisani. Mimi naona ni mafundisho ndiyo maana lazima tuwe wakali. Mahubiri mengi yatakuwa yamesahaulika kufikia Jumatatu. Picha ya mama aliyepiga magoti haitasahaulika. Msichana aliyekaa mbele amejifunza ni nani huomba msamaha karo inaponywewa. Mvulana amejifunza kwamba mkono ulioinuliwa ni kichekesho.

Kithaka wa Mberia, katika tamthilia yake Natala, alimpa mjane anayekataa kurithiwa nafasi ya kujitetea kwa kauli yake mwenyewe. Waigizaji wetu hawahitaji jukwaa kubwa kufanya vivyo hivyo. Mchungaji acheleweshwe kidogo. Kupambazuke, pombe imtoke Baba Wekesa, mkewe amuulize tena swali lilelile, na safari hii ajibu. Hapo tutaona toba ikitendeka badala ya kutangaziwa.

Tulipokuwa tukitoka, mama mmoja alitembea nami hadi barabarani.

"Mchezo ulikuwa mtamu, mwalimu," akasema. "Lakini hiyo karo, mwishowe ililipwa?"

Sikuwa na jibu. Igizo halikunipa.