Ufundi wa Kuivisha Dhahabu

Sonara husifiwa kwa anachokiondoa: taka huungua, dhahabu ikabaki peke yake. Leo namsifu fundi wa namna nyingine, mkemia anayeishikisha dhahabu na kisicho dhahabu, ikapata tabia ambayo ile safi haina.

Kazi yake ni vishada vya dhahabu, vidogo kiasi cha kuhesabika atomi moja moja. Chukua kile cha atomi 25, ambacho umbo lake lilibainishwa mwaka 2008 na makundi mawili ya watafiti nchini Marekani. Atomi 13 ndizo kiini. Zile 12 nyingine, pamoja na molekuli 18 za thayoleti zinazoishika dhahabu kwa salfa, hufanya matao sita yanayokizunguka. Molekuli hizo huitwa ligandi, na ni rahisi kuzidhania ganda tu, la kuzuia vishada visishikamane.

Hesabu inakataa. Kila atomi ya dhahabu huleta elektroni moja, na kila thayoleti hujitwalia moja. Katika 25 ukitoa 18 hubaki 7. Kishada kikibeba chaji hasi moja, zinatimia 8. Idadi hiyo hujaza ngazi ya nishati, na kishada hutulia kana kwamba ni atomi moja kubwa. Juu ya ngazi iliyojaa hufunguka pengo la takriban elektronivolti 1.3, ambalo kipande cha kawaida cha dhahabu hakina. Kiondolee elektroni moja tu, nacho huanza kuvutwa na sumaku.

Ufundi wenyewe umo katika kuchagua ligandi. Fosfini, ligandi ya aina nyingine, haichukui elektroni kama thayoleti, hivyo hesabu hubadilika. Hata kati ya thayoleti zenyewe, mkia wa molekuli moja si sawa na wa nyingine: kishada cha atomi 38 na ligandi 24, kikipashwa moto pamoja na thayoli (thayoleti kabla ya kuishika dhahabu) yenye mkia mpana, hugeuka kuwa cha atomi 36. Ligandi hubaki 24, lakini elektroni huru hushuka kutoka 14 hadi 12. Mkemia hahamishi atomi kwa koleo; huandaa mazingira, akaacha vishada dhaifu vivunjike na vinavyostahimili vibaki.

Basi, msomaji, ukisikia kishada cha dhahabu kikitajwa, usiulize tu kina atomi ngapi. Uliza pia kimeshikwa na nini.